Fidia, Pole na Kifuta Machozi: Uhakiki wa Istilahi za Sheria ya Kuumia Kazini

UTANGULIZI

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki istilahi zinazotumika nchini kueleza haki za mfanyakazi aliyeumia, aliyeugua au aliyefariki kwa sababu ya kazi yake. Tumeona vema kufanya hivyo kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni ya jumla. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki katika mahakama. Tangu hapo wafasiri wamekabidhiwa mzigo mkubwa wa kuzitia katika Kiswahili sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza, na miongoni mwa zile zinazomgusa mwananchi moja kwa moja ni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263. Neno likiingia katika sheria ni vigumu kulitoa. Kwa hiyo wakati wa kulipima ni sasa.

Sababu ya pili ni karatasi moja iliyoletwa mezani kwetu. Kijana mmoja, anayefanya kazi katika ghala moja la Kariakoo ambalo hatutalitaja, alikatwa vidole viwili na mashine. Mwajiri alimlipia hospitali, akampa kiasi cha fedha, kisha akamtaka atie sahihi hati yenye safu mbili, moja ya Kiingereza na nyingine ya Kiswahili. Jamaa yake, ambaye ni mwalimu, aliitilia shaka tafsiri ile akamshauri ailete kwetu. Safu ya Kiingereza ilisema kwamba mfanyakazi amelipwa fidia yote anayostahili na kwamba hatadai chochote tena. Safu ya Kiswahili ilisema kwamba mfanyakazi amepokea kifuta machozi na anashukuru. Hapo palikuwa na hati moja, sahihi moja, na maana mbili zisizofanana hata kidogo. Aliyesoma Kiingereza aliona haki imefungwa, na aliyesoma Kiswahili aliona amepewa pole.

Hatudai kwamba mfasiri wa hati ile alikuwa na nia mbaya. Yamkini alidhani anatafuta neno la heshima. Lakini tunasema kwamba kosa lile lisingewezekana kirahisi kama istilahi za uwanja huu zingekuwa zimekaa imara vichwani mwa watu. Hazijakaa, na yafuatayo ni maelezo ya sababu zake.

I. NENO "FIDIA" LENYEWE

Fidia ni neno la zamani katika Kiswahili, nalo limetokana na Kiarabu. Kwa Mwislamu ni kile anachotoa mtu asiyeweza kufunga, yaani chakula cha maskini kwa kila siku aliyoacha. Kwa Mkristo, katika Biblia ya Kiswahili, ni malipo ya kukomboa nafsi. Kwa mwanakijiji ambaye barabara imepita shambani mwake, ni fedha za minazi na nyumba yake. Kwa hakimu, ni fedha anazoamuru mkosaji amlipe aliyekosewa. Na katika usemi wa kila siku, kufidia ni kuziba pengo: mwalimu aliyekosa vipindi hufidia siku ya Jumamosi.

Maana hizi zote zina undugu, lakini haziko sawa. Tatizo letu liko katika ile maana ya nne, ya hakimu. Msikilizaji anaposikia "fidia" aghalabu huuliza moyoni: ni nani aliyekosa? Sasa, sheria za kuwalipa wafanyakazi waliojeruhiwa zilizaliwa kwa kulikataa swali hilo. Ujerumani mwaka 1884, na Uingereza mwaka 1897, zilikubali msingi mpya kwamba kazi ina hatari zake, na kwamba gharama ya hatari hizo ni sehemu ya gharama ya uzalishaji, kama vile makaa na mafuta ya mashine. Mfanyakazi hahitaji kuthibitisha uzembe wa mwajiri. Inatosha kuthibitisha kwamba ameumia na kwamba kuumia huko kumetokana na kazi.

Msingi huo ndio ulioingia Tanganyika kwa sheria ya mwaka 1949, na ndio uliobaki katika Sheria Na. 20 ya mwaka 2008 iliyoichukua nafasi yake. Lakini neno tulilolichagua kuubeba msingi huo lina harufu ya hatia. Athari yake tunaiona pande zote mbili. Mwajiri huogopa kutoa taarifa ya ajali kwa kudhani kwamba akiitoa amekiri kosa. Naye mfanyakazi aliyeumia kwa kuteleza kwake mwenyewe hunyamaza kwa kudhani kwamba hana wa kumdai. Wote wawili wamedanganywa na neno.

Je, tulitupe neno fidia? La hasha. Limekwisha kuwa jina la sheria na jina la Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kupokea michango ya waajiri mwezi Julai 2015 na kuanza kulipa mafao mwezi Julai 2016. Jina lililokwisha kuandikwa juu ya mlango halibadilishwi kila msimu. Tunachopendekeza ni kwamba neno hili lisisimame peke yake pale mahakama inapohusika. Malipo anayoamriwa mkosaji kwa uzembe wake yaitwe fidia ya madhara. Malipo yanayotokana na Sheria hii, ambayo hayaulizi kosa, yaitwe mafao ya fidia, au mafao tu. Tutalirudia neno mafao hapo mbele.

II. NDUGU WA UONGO WA FIDIA

Kiswahili kina utajiri wa maneno ya kumpa mtu kitu baada ya shida au baada ya kazi. Pole ni neno la kumfariji aliyepatwa, na pia ni kile unachomtilia mkononi ukimtembelea. Rambirambi ni kwa wafiwa. Kifuta machozi ni kwa aliyelia, na kifuta jasho ni kwa aliyejitahidi. Kiinua mgongo ni kwa anayeacha kazi baada ya utumishi mrefu. Bahashishi ni furaha ya mtoaji.

Ukiyatazama maneno haya utaona kwamba yote, isipokuwa kiinua mgongo ambacho kimekwisha kupata kanuni zake, yanamweka mtoaji mbele. Yeye ndiye anayeamua kutoa, anayeamua kiasi, na anayeshukuriwa. Hakuna anayekwenda ofisi yoyote kudai pole. Fidia ya sheria ni kinyume chake: kiasi chake kimewekwa na kanuni, mlipaji hana hiari, na shukrani si sharti.

Kwa nini basi watu wetu wameyachanganya? Tunaamini kwamba historia ina sehemu kubwa ya lawama. Chini ya sheria ya zamani malipo yalikuwa na ukomo wa fedha taslimu. Kiwango cha juu kabisa kwa ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000, na kwa kifo shilingi 83,000. Thamani ya shilingi iliporomoka mwaka hadi mwaka, lakini tarakimu zile zilibaki mahali pake hadi mfumo mpya ulipokuja. Mjane aliyekabidhiwa shilingi 83,000 mwanzoni mwa karne hii angeziitaje? Aliziita rambirambi, na hakukosea, kwa maana majirani wa mtaa mmoja wangeweza kuchanga zaidi ya hizo. Hivyo neno fidia lilishuka hadhi pamoja na fedha lililokuwa likizitaja. Mara nyingi wanaistilahi husahau jambo hili: neno halipati maana yake kutoka katika kamusi pekee, hulipata pia dirishani pa mhasibu.

Sheria mpya imeondoa ukomo wa namna ile na kuyafungamanisha malipo na mshahara wa mfanyakazi. Asiyeweza kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mapato yake, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Mwenye ulemavu wa kudumu uliozidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi, na aliye chini ya hapo hulipwa kwa mkupuo. Malipo ya aina hiyo si pole. Kwa hiyo kuendelea kutumia lugha ya pole katika hati za kazi ni kutumia lugha ya sheria iliyokwisha kufa.

III. "FIDIA YA" NA "FIDIA KWA"

Katika magazeti na hata katika barua za serikali tunakuta "fidia ya wafanyakazi" na "fidia kwa wafanyakazi" zikitumiwa kama kitu kimoja. Wengine watasema tunachambua nywele. Hata hivyo tunaomba subira ya msomaji.

Kiunganishi "ya" baada ya neno fidia kwa kawaida hutaja kilichopotea. Fidia ya ardhi hulipwa mwenye ardhi, na fidia ya mazao hulipwa mwenye mazao. Kwa mantiki hiyo, fidia ya wafanyakazi ingekuwa malipo anayopewa mtu aliyepoteza wafanyakazi. Pwani yetu imewahi kuyaona malipo hayo kwa macho. Mwaka 1897, utumwa ulipoondolewa nguvu ya kisheria Zanzibar, fidia ilitolewa, nayo walipewa mabwana. Watumwa walioachwa huru hawakulipwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa fidia "ya" watumwa.

Aliyeandika jina la Mfuko akachagua "kwa" alichagua vizuri, nasi tunampongeza. Wafasiri na waandishi na wamfuate. Kadhalika tuone fahari kwamba jina la Kiswahili halikuhitaji kusahihishwa. Jina la Kiingereza la sheria ya 1949 lilitaja wafanyakazi wanaume tu, likalazimika kubadilishwa baadaye. Mfanyakazi wa Kiswahili amekuwa mwanamke na mwanamume tangu neno lilipotungwa.

IV. "KAZINI" NI WAPI?

Sheria huangalia mambo mawili pamoja: ajali iwe imetokana na kazi, na iwe imetokea katika kuitekeleza kazi hiyo. Mabango na vipeperushi vingi hufupisha masharti hayo kwa maneno mawili: ajali kazini.

Ni kweli kwamba "kazini" katika Kiswahili ni zaidi ya mahali. Tukisema mlinzi yuko kazini, tunamaanisha yuko katika zamu, hata kama amesimama njia panda. Lakini tangu usemi "mahali pa kazi" ulipoenea kupitia mafunzo ya usalama, maana ya mahali imeimeza ile nyingine. Muulize karani wa duka la vitambaa la Kariakoo aliyetumwa benki mjini, akagongwa na bodaboda akivuka Barabara ya Msimbazi: je, umepata ajali kazini? Atajibu kwamba amepata ajali barabarani. Muulize utingo aliyeangukiwa na mzigo bandarini, ilhali ofisi ya mwajiri wake iko Gerezani: atasita. Na kwa kuwa mwajiri anatakiwa kuupa Mfuko taarifa ndani ya siku saba, na madai yana ukomo wa miezi kumi na miwili, kusita huko kunaweza kumgharimu mtu haki yake yote.

Tunapendekeza ajali ya kazi, sambamba na ugonjwa wa kazi. Ni fupi kama ile ya awali, lakini inafunga ajali na kazi badala ya kuifunga na jengo. Pale inapohitajika tafsiri kamili, kama katika fomu, iandikwe: ajali iliyotokana na kazi na kumpata mfanyakazi akiwa katika kazi hiyo. Ndugu zetu wa Kenya, katika kuitaja sheria yao ya mwaka 2007, hupendelea kusema majeraha kazini. Hilo nalo lina upungufu wake, kwa sababu jeraha masikioni mwa Waswahili ni kidonda chenye damu, ilhali anayeteguka mgongo kwa gunia la sukari hana jeraha la kuonyesha. Kuumia ni neno pana zaidi, tena kila mtu analielewa.

V. MFANYAKAZI NI NANI?

Hapa ndipo mahali pagumu zaidi, na hakuna mahali pafaapo kupapima kama Kariakoo.

Jina lenyewe la eneo hili ni somo la istilahi. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, waliweka hapa kambi ya Kikosi cha Wapagazi, Carrier Corps, na wananchi wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao: Kariakoo. Wapagazi wale walibeba vita mabegani. Wengi walikufa kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi, na mishahara ya wengi waliofariki haikuwafikia jamaa zao, kwa kuwa hapakuwa na kumbukumbu zilizomtambulisha mtu, kijiji chake na warithi wake. Kwa hiyo soko mashuhuri kuliko yote nchini limepewa jina na watu walioumia kazini bila kulipwa.

Leo hii katika Mtaa wa Congo, Mtaa wa Swahili na vichochoro vyake, mizigo bado inabebwa mabegani. Wabebaji huitwa makuli, mahamali, wachukuzi, watu wa mkokoteni, watu wa guta. Katika maghorofa yanayojengwa kila mtaa kuna saidia fundi. Na kwa kila kazi ya siku moja kuna kibarua, au kama wanavyojiita wenyewe, deiwaka. Katika orodha hii yote hakuna hata mmoja anayejiita mwajiriwa. Neno mwajiriwa kwa Kiswahili cha leo linamaanisha mtu mwenye barua ya ajira, mshahara wa mwisho wa mwezi na kitambulisho shingoni. Ukiandika katika kipeperushi kwamba mafao ni ya waajiriwa, saidia fundi hukipa mgongo, akiamini kwamba hakimhusu.

Lakini sheria haikusema hivyo. Mkataba wa ajira waweza kuwa wa mdomo. Tena Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, inaweka dhana kwamba mtu ni mwajiriwa ikiwa, kwa mfano, namna yake ya kufanya kazi au saa zake zinaongozwa na mwingine, au anapewa vifaa na mtu huyo, au anamtegemea huyo kwa riziki yake. Saidia fundi anayepangiwa saa, anayepewa sururu na karai, na anayeamriwa apande ghorofa ya ngapi, hana sababu ya kujitoa mwenyewe katika sheria.

Neno kibarua linatusaidia kuliona jambo hili. Wanaofuatilia asili ya maneno hutwambia kwamba kibarua ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili apate ujira wake. Zamani, basi, kibarua alikuwa mtu wa karatasi. Leo ni mtu asiye na karatasi, na kukosa karatasi kunadhaniwa kuwa ni kukosa haki. Tunawashauri waandishi wa vipeperushi wasiishie kwenye mwajiriwa. Waandike mfanyakazi, kisha waongeze wazi: akiwemo kibarua na anayefanya kazi kwa mapatano ya mdomo. Neno kuu libaki mfanyakazi, kama lilivyo katika jina la sheria.

Hata hivyo, uaminifu wa istilahi unakwenda pande mbili. Mchukuzi anayejitafutia mizigo, leo ya huyu na kesho ya yule, na machinga mwenye bidhaa zake, hawana mwajiri, na mfumo uliojengwa juu ya michango ya waajiri hauwafikii kwa jina la mfanyakazi. Tusiwapake watu hawa asali kwa maneno. Tarehe 29 Machi, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Miongoni mwao walikuwamo mafundi na vibarua, na walikuwamo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Sheria Na. 20 ilikwisha kutungwa, lakini Mfuko ulikuwa haujaanza kazi. Tarehe 16 Novemba, 2024, jengo jingine la ghorofa liliporomoka Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Chini ya kifusi kimoja walilala mwenye duka, mteja na muuzaji wa kuajiriwa. Misiba ni sawa, lakini haki si sawa: familia ya muuzaji wa kuajiriwa ina njia ya Mfuko, familia ya mteja haina njia hiyo na lazima itafute fidia ya madhara kwingine, na rambirambi ni za wote. Mwandishi anayeyaita malipo hayo yote "fidia" anaipeleka familia moja kwenye mlango usio wake na kuizuia nyingine kwenye mlango ulio wake.

VI. MAFAO SABA NA MAJINA YAKE

Mfuko hutoa mafao ya aina saba. Tutayapitia kwa ufupi yale yasiyo na matatizo, na kukawia penye utata.

(a) Matibabu. Neno ni jepesi na kila mtu analijua.

(b) Ulemavu wa muda. Hili ndilo tunaloliona baya kuliko yote. Ulemavu umetokana na kilema, na kilema kwa Mswahili hakina muda. Aliyevunjika mguu, akafungwa hogo, na kuambiwa apumzike miezi mitatu, hukataa katakata kuitwa mlemavu, wala hawezi kuijaza fomu yenye neno hilo bila kuhisi kwamba anajitabiria mabaya. Zaidi ya hayo, kinachopimwa hapa ni uwezo wake wa kufanya kazi, wala si hali ya kiungo. Tunapendekeza kutoweza kazi kwa muda. Tulifikiria pia kutojiweza, lakini tuliliacha kwa kuwa limekwisha kuchukuliwa na umaskini na uzee.

(c) Ulemavu wa kudumu. Hapa neno ulemavu linastahili, na libaki.

(d) Malipo kwa anayemhudumia mgonjwa. Maelezo haya yanaeleweka, lakini si istilahi, ni sentensi. Tena aliyepooza kwa kuanguka jukwaani si mgonjwa. Tunapendekeza fao la uangalizi.

(e) Utengamao. Tunalisifu. Wengine walitumia ukarabati, neno linalowafaa zaidi wenye nyumba na meli, na wengine urekebishaji, linalonuka jela. Utengamao umetolewa katika kitenzi kutengamaa, yaani kutulia na kukaa sawa baada ya misukosuko, na ndicho hasa kinachotafutwa: mtu arudi kazini au ajifunze kazi nyingine inayolingana na hali yake. Linalalamikiwa kuwa gumu, lakini ugumu wake ni wa ugeni tu, nao utaisha likitumika.

(f) Msaada wa mazishi. Neno msaada linaturudisha kwenye pole. Kinachotolewa na sheria hakiitwi msaada. Liitwe fao la mazishi.

(g) Malipo kwa wategemezi. Mtegemezi ni neno zuri, ila linahitaji kulindwa dhidi ya mrithi. Fao hili hulipwa kwa sababu fulani alikuwa akimtegemea marehemu, wala si kwa sababu fulani ni wa ukoo wake. Kaka wa marehemu aliyeteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi anaweza kuja na barua ya mahakama ya mwanzo akitaka fedha zote ziingie katika mirathi. Ni vema fomu ziseme waziwazi kwamba mafao ya wategemezi si mali ya mirathi. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Sheria imeongeza kwamba wa kwao hao ni wale waliokuwa wakila kwa jasho lake.

Msomaji ataona kwamba tumependekeza neno fao mara kwa mara. Sababu yake ni hii: mafao limekwisha kuzoeleka kwa wastaafu wetu kuwa ni kitu kinachodaiwa. Mstaafu haoni haya kufuatilia mafao yake, wala hamshukuru karani kwa kumpa. Hadhi hiyo ndiyo tunayotaka aliyeumia aipate.

VII. NENO MOJA ZAIDI: MCHANGO

Fedha za Mfuko hutoka kwa waajiri. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1 ya mishahara, ikapunguziwa hadi asilimia 0.6 mwaka 2021, kisha asilimia 0.5 mwaka 2022, na hivyo kulingana na sekta ya umma. Sheria inamkataza mwajiri kumkata mfanyakazi fedha hizo. Lakini tunaziita michango, na mchango kwa Mswahili wa mjini ni kadi ya harusi: kila mtu hutoa, na hutoa apendavyo. Hivyo mwajiri huona ana hiari, na mfanyakazi hashangai akikatwa. Kulibadilisha neno hili sasa hatuoni kwamba kuna faida inayolingana na usumbufu. Yatosha kuandika daima mchango wa mwajiri, kwa ukamilifu, pasipo kufupisha.

HITIMISHO

Kwa muhtasari, tunayaweka mbele ya wafasiri, walimu na watumishi wa serikali mapendekezo haya: fidia ya madhara itofautishwe na mafao ya fidia. "Fidia kwa wafanyakazi" itumike badala ya "fidia ya wafanyakazi". Ajali ya kazi ichukue nafasi ya ajali kazini. Mfanyakazi lifafanuliwe kuwa ni pamoja na kibarua. Kutoweza kazi kwa muda, fao la uangalizi na fao la mazishi yajaribiwe katika fomu na vipeperushi. Utengamao, mtegemezi na mkupuo yaendelee. Na maneno pole, kifuta machozi na kifuta jasho yasionekane katika hati yoyote ya kazi inayohusu kuumia. Yana mahali pake pa heshima, nako ni kwenye jamvi la msiba na kando ya kitanda cha mgonjwa.

Tunajua kwamba istilahi haimrudishii mtu kidole. Tunajua pia kwamba mwajiri mwenye hila atapata hila hata katika lugha iliyosanifiwa. Lakini aliyeumia akiwa na neno sahihi anajua angalau mlango wa kubisha. Tulipomaliza kumweleza kijana wa ghala tofauti ya safu mbili za hati yake, na kumwelekeza auone Mfuko kabla ya miezi kumi na miwili kupita, aliikunja karatasi yake akauliza, "Sasa ndugu zangu, nikifika pale niseme nimekuja kuomba nini?" Tukamjibu asiombe. Aseme amekuja kudai fao lake.

Tunawakaribisha wasomaji watuletee maoni, hasa walimu wa vyuo vya ufundi na maofisa kazi, ambao huyasikia maneno haya midomoni mwa wenye kuumia kabla hayajafika mezani kwetu.